Jino limetoboka? Namna ya kutibiwa ubaki nalo

Mimi ni tabibu wa meno hapa Muheza, mkoani Tanga, na hakuna kazi inayoniuma kama kung'oa gego ambalo mwaka mmoja nyuma lingezibwa na kusahaulika. Mgonjwa anaketi ameshika shavu, usiku kucha hajalala, na neno lake ni moja: "Ling'oe tu, daktari." Namwelewa. Maumivu ya jino hayajali kama kesho una mtihani au una msiba. Lakini kung'oa ni tiba ya mwisho. Kabla yake zipo nyingine, na wengi ama hawaambiwi kwamba zipo, ama wanafika wakati zimeshawapita. Nataka ukimaliza kusoma hapa uweze kusimama mbele ya kioo, ujue jino lako limefika wapi, na uende kutibiwa ukijua cha kuuliza.

Lisome jino lako kabla hujatoka nyumbani

Simama penye mwanga, shika kioo kidogo na tochi ya simu. Jino huanza kuoza kimyakimya. Kwanza hutokea doa jeupe lililopauka, mara nyingi karibu na ufizi au katikati ya jino na jino. Hapo gamba la nje limepoteza madini lakini halijavunjika, na bado linaweza kurudi kuwa gumu bila kuchimbwa. Doa likishageuka kahawia na kulainika, shimo liko njiani. Utalijua shimo kwa chakula kabla hujalijua kwa maumivu: uzi wa nyama au ganda la hindi linanasa palepale kila siku.

Kama ulikulia Arusha, au sehemu za Kilimanjaro, Manyara na Singida ambako maji ya ardhini yana madini ya floraidi kwa wingi, huenda meno yako yana rangi ya kahawia tangu yalipoota. Hiyo si kuoza. Rangi ya aina hiyo huenea kwenye meno mengi kwa pamoja, pande zote mbili za mdomo, na jino lenyewe huwa gumu. Usikubali litobolewe kwa sababu ya rangi peke yake.

Maumivu yakianza, yasikilize yanavyokuja na yanavyoondoka, kwa sababu hapo ndipo tiba inapoamuliwa. Maji ya baridi yakikushtua, ukayameza, na maumivu yakakoma ndani ya sekunde chache, kiini cha jino, yaani nyama laini ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu, bado kiko hai. Jino hilo linazibika. Hali ni nyingine kabisa kama unakunywa chai ya moto na jino linaanza kupwita, na muda mrefu baada ya kikombe kuisha bado linapwita. Ukilala, maumivu yanazidi. Yanavuta mpaka sikioni, hata unashindwa kuonyesha ni jino lipi. Ukishika maji ya baridi mdomoni unapata nafuu kidogo. Hapo kiini kinakufa, na kuziba juu yake tu hakutakusaidia.

Kuna hatua moja inayodanganya watu kuliko zote. Maumivu makali yanakatika yenyewe baada ya siku kadhaa, na mtu anawaambia nyumbani kwamba limepona, au anaipa sifa dawa aliyoisukutua jana yake. Halijapona. Kiini kimekufa, na mishipa ya fahamu iliyokuwa ikipiga kelele imekufa pamoja nacho. Vijidudu vinaendelea kushuka ndani ya mzizi mpaka vitokee kwenye ncha, mfupani, na huko usaha unatunga. Miezi inapita. Kisha unaona kipele kwenye ufizi kinachojaa na kupasuka, mdomo una ladha mbaya, na ukiuma unahisi jino hilo limekuwa refu kuliko wenzake.

Kinachofanya yote haya si mdudu unayeweza kumtoa kwa kibano, ingawa wapo mitaani wanaoahidi kumtoa. Ni bakteria wanaoishi kwenye utando laini juu ya meno, na anayetajwa zaidi ni Streptococcus mutans. Wakila sukari wanatoa asidi. Kiwango cha pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, gamba la jino linaanza kuyeyuka. Mate husafisha asidi hiyo na kurudisha madini, lakini yanahitaji muda, nusu saa na zaidi. Ndiyo maana nikiwauliza vijana wa bodaboda, siulizi tu wanakunywa soda ngapi, nauliza wanainywaje. Chupa moja inayonywewa kidogokidogo kijiweni tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana haiyapi mate nafasi ya kufanya kazi. Ingenywewa yote wakati wa chakula, madhara yangepungua. Na kashata inayobaki imenata kwenye gego ni hivyohivyo.

Ukiwa unangoja siku ya kutibiwa

Karafuu inasaidia kweli. Milima ya Amani hapo juu yetu inalima karafuu, na wazee hawakukosea: mafuta yake yana eujeno, dawa inayotuliza mshipa wa jino, na sisi wenyewe tumeitumia miaka mingi tukiichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Chovya pamba ndogo kwenye mafuta ya karafuu, iweke ndani ya shimo, si juu ya ufizi, maana mafuta hayo yanaunguza nyama. Inatuliza, haiponyeshi. Parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi ni sawa pia.

Maji ya betri na petroli usiviweke mdomoni mwako kamwe. Nimeona fizi zilizoungua mpaka mfupa ukaonekana. Aspirini nayo humezwa, haiwekwi juu ya ufizi ikayeyuka hapo. Inaacha kidonda cheupe kinachouma kuliko jino lenyewe. Na tafadhali, usinunue amoksilini au metronidazoli, dawa za kuua bakteria, dukani kila jino linapouma. Kiini kilichokufa hakina damu inayopita ndani yake, kwa hiyo dawa haifiki mahali vijidudu vilipo. Uvimbe unapungua wiki moja, vijidudu vinarudi, na vilivyobaki vinazidi kuizoea dawa. Dawa hizo zina kazi yake pale maambukizi yanaposambaa mwilini, na hata hapo jino lenyewe lazima lishughulikiwe.

Usingoje miadi hata kidogo kama uvimbe umeshuka chini ya taya, au unapanda kuelekea jicho, au huwezi kumeza mate, huwezi kufungua mdomo, sauti imebadilika, una homa. Hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, maana uvimbe wa chini ya ulimi unaweza kuziba njia ya hewa. Watu hufa kwa jino. Nasema bila kukutisha.

Siku ya kwenda, kula kwanza, kwa sababu baada ya ganzi hutakula vizuri kwa saa kadhaa, na njaa pamoja na woga huwaangusha watu kitini. Kama una presha au kisukari, meza dawa zako kama kawaida na utwambie. Twambie pia kama una ujauzito, una tatizo la moyo, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au penisilini huwa inakudhuru.

Kitini: uliza maswali haya

Tutakagua kwa kioo na mwanga, tutakausha jino kwa upepo, tutaligongagonga kwa mpini wa kioo, na penye mashine tutapiga picha. Omba hiyo picha kama jino limetoboka sana. Shimo linaloonekana dogo kwa nje huwa limetanuka ndani, kwa kuwa tabaka la chini ya gamba ni laini zaidi.

Kisha uliza: kiini kiko hai au kimekufa? Je, linazibika? Na kama halizibiki hapa, linaweza kutibiwa wapi? Swali la tatu ndilo linalookoa meno. Kituo kingine hakina vifaa vya kutibu mzizi, na mgonjwa asipouliza anaweza kuambiwa ling'olewe kwa sababu hicho ndicho kinachowezekana pale. Mimi mwenyewe jino la kutibiwa mzizi namwandikia mtu rufaa aende kwa daktari wa kinywa na meno Tanga mjini, na simng'oi kabla hajaniambia mwenyewe kwamba ameamua hivyo. Kuhusu gharama, kuziba kuko juu kuliko kung'oa, na kutibu mzizi kuko juu zaidi. Kama una bima, uliza inalipia ipi.

Doa ambalo halijawa shimo

Hapa hakuna sindano wala mashine. Tunapaka vanishi ya floraidi, dawa inayogandia juu ya jino, nawe nyumbani unapiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm. Soma kwenye boksi, imeandikwa. Ule wa usiku usiukose, maana ukilala mate hupungua. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, iache floraidi ikae. Wanaotumia mswaki wa mti waendelee, lakini nao wapake dawa hiyo.

Kuna dawa nyingine ya matone, yenye fedha na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Tunaipaka kwenye jino lililooza na kuoza kunasimama. Sehemu iliyooza inageuka nyeusi kabisa na haitatoka weusi huo. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kukaa kitini, au mzee wa kitandani, naipenda sana. Kwa jino la mbele la binti wa sekondari, tuzungumze kwanza.

Kuziba

Ganzi ndiyo inayowaogopesha watu, basi nieleze inavyokwenda. Kwa gego la chini tunachoma nyuma kabisa, ndani ya taya, na baada ya dakika tano hadi kumi nusu ya mdomo wa chini na ulimi inakufa upande huo. Moyo unaweza kwenda mbio kwa dakika moja, kwa sababu ganzi nyingi zina adrenalini, hupita. Kama mdomo haujawa mzito, sema, tuongeze. Inua mkono wa kushoto wakati wowote unapohisi maumivu, nasi tutasimama. Mgonjwa anayevumilia kimya hatusaidii.

Tunaondoa sehemu iliyolainika kwa mashine, kisha kwa kijiko kidogo cha mkono. Zamani ilifundishwa kuchimba mpaka pote pawe pagumu. Siku hizi, shimo likiwa limekaribia kiini, kingo zote tunazisafisha kabisa lakini chini kabisa tunaacha tabaka dogo lililooza, tunaziba juu yake pasipitishe kitu. Vijidudu vilivyofungiwa humo hukosa chakula, na jino hujijengea ukuta wa ndani. Kwa njia hiyo viini vingi vinabaki hai ambavyo tungevifukua kwa mikono yetu.

Vitu vya kuzibia ninavyovitaja hapa ni vitatu. Kompoziti ina rangi ya jino. Jino linapakwa asidi kwanza ili ishike, kisha gundi, halafu inajengwa kwa matabaka ya kama milimita mbili, kila tabaka likikaushwa kwa taa ya bluu kwa sekunde 20 hivi. Inataka pawe pakavu. Tone la mate likiingia, ziba hiyo itavuja. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, ni imara lakini ina zebaki, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizitaka nchi zipunguze matumizi yake. Kama unayo na ni nzima, usiiondoe kwa hofu, maana kuichimba ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki.

Iliyobaki ni ile ninayoionea fahari. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha udaktari wa meno Dar es Salaam, alianza hapa Tanzania njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme. Sehemu iliyolainika inakwanguliwa kwa kijiko, shimo linajazwa saruji maalumu, na daktari anaikandamiza kwa kidole mpaka iingie kila kona. Saruji inayotumika siku hizi, ya glasi ayonoma, inashikana na jino yenyewe na inaachia floraidi kidogokidogo. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa dunia nzima Siku ya Afya, tarehe 7 Aprili 1994. Mara nyingi haihitaji hata ganzi, na kwa shimo dogo la juu ya gego inadumu vizuri. Shimo linalokula pande mbili au tatu za jino ndilo linaloishinda. Basi ukiambiwa umeme umekatika urudi wiki ijayo, uliza kama jino lako linaweza kuzibwa kwa mkono. Huenda linaweza.

Mwisho utauma karatasi ya rangi ili tuone ziba inagusa wapi. Ganzi ikiisha usiku huo ukahisi jino hilo linagonga kabla ya mengine, rudi kesho yake tupunguze. Ni kazi ya dakika chache, na ukiacha, jino litauma kila ukitafuna mpaka uamini limeharibika tena. Kushtuka na baridi kwa siku kadhaa ni kawaida.

Kutibu mzizi

Jino lenye kiini kilichokufa bado linaweza kubaki mdomoni kwa miaka mingi, na hili wengi hawalijui. Daktari anafungua juu ya jino, anatoa kiini, anasafisha mifereji ya mizizi kwa sindano nyembamba zenye meno, huku akiosha kwa dawa ya jamii ya ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Ndiyo maana jino linatengwa kwa mpira mwembamba, dawa isimwagike kooni na mate yasiingie. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la chini mara nyingi mitatu, na la juu mara nyingi minne. Hiyo ndiyo sababu ya gego kuchukua muda na pesa zaidi. Mifereji ikishakuwa safi inajazwa gutapacha, mpira unaotokana na utomvu wa mti.

Kisha, na hapa ndipo kazi nzuri inapopotea, gego linahitaji kufunikwa kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholivika jino lote. Limechimbwa, kuta zake ni nyembamba, na mfupa wa nyama ya mbuzi unaweza kulipasua kati. Ukianza matibabu ya mzizi, panga tangu siku ya kwanza pesa ya kofia. Na usikatishe katikati kwa sababu maumivu yameisha. Ziba ya muda ikidondoka, vijidudu vinarudi na yote yanaanza upya.

Likishindikana kabisa

Jino lililopasuka hadi mzizini, au lililobaki mabaki chini ya ufizi, tunaling'oa. Utasikia kusukumwa na mlio, hutakiwi kusikia maumivu makali. Uma gozi, kile kitambaa cha hospitali tutakachokuwekea, kwa dakika 30 bila kuitoa kuangalia. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute mrija, usivute sigara. Damu iliyoganda kwenye tundu ndiyo kidonda kinapofungia. Uji wa vuguvugu, upande mwingine. Kesho yake anza kusukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Maumivu yapungue kila siku. Yakipanda siku ya tatu, na harufu mbaya ikatoka, damu hiyo imetoka na mfupa uko wazi. Rudi tuoshe na kuweka dawa ndani ya tundu.

Gego la mtoto wa miaka sita

Mtoto ana meno 20 ya utotoni, na wazazi wengi huniambia, "Si yatatoka tu, daktari?" Yatatoka, ila magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 au 12, na yakioza mapema yanauma, yanamnyima mtoto usingizi na chakula, na yakitolewa mapema nafasi inajifunga, meno ya ukubwani yanapandana. Tunaweza kuyaziba, kuyapaka dawa, au kuyavika kofia ya chuma bila kuchimba.

Ila kuna jino moja ninalomwomba kila mzazi alitafute. Mtoto akifika miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani linaota nyuma kabisa ya magego ya utotoni, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo hakuna anayeliona likija, na likianza kuoza mama anadhani ni la utotoni. Hilo halina mbadala. Mlaze mwanao magotini mwako mchana, kichwa kikikuelekea, mulika kwa tochi, hesabu kutoka katikati kwenda nyuma: jino la sita ndilo hilo. Mpigie mswaki hapo wewe mwenyewe mpaka afike miaka saba au minane. Ukiona mikunjo ya juu yake, pale anapotafunia, ina kina na chakula kinakaa ndani, mlete wakati wa likizo. Tunaifunika kwa saruji ileile ya mkono, bila sindano, na mtoto anatoka akiwa bado anacheka.